Barua Yenye Tarehe: Jinsi ya Kuiwajibisha Wilaya ya Shule kwa Mtoto Mwenye Ulemavu Marekani

Miguel Luna Perez alihamia Sturgis, mji mdogo wa Michigan, akiwa na miaka 9. Alikuwa kiziwi, na familia yake ilitoka Meksiko. Alisoma shule za mji huo hadi alipofika miaka 20. Kwa madai ya familia yake, wasaidizi aliopangiwa darasani hawakuwa na ujuzi wa lugha ya alama, na zipo siku aliachwa peke yake saa nyingi. Huku nyuma ripoti zilizokwenda nyumbani zilijaa alama nzuri, na kila mwaka alipandishwa darasa. Wazazi wakaamini mtoto anasonga mbele. Ilikuwa imebaki miezi michache tu kufika mahafali ndipo walipoambiwa kwamba hatapata diploma. Kesi yao ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Machi 2023 majaji wote 9 waliamua kwamba familia hiyo inaruhusiwa kwenda mahakamani kuidai wilaya ya shule fidia ya fedha.

Kisa hicho kinatuhusu sana sisi tunaolea watoto Marekani kwa Kiswahili, tuwe Columbus, Houston, Louisville au Minneapolis. Mzazi anafanya kazi zamu ya usiku. Kiingereza bado hakijakaa vizuri mdomoni. Amekulia mahali ambapo mzazi akiitwa shuleni huenda kusikiliza, kwa sababu neno la mwalimu ndilo la mwisho. Analetewa karatasi, anaona alama nzuri, anatia sahihi, anarudi kazini. Mtoto naye anaongeza mwaka mwingine bila kujua kusoma.

Sheria za Marekani zinampa mzazi huyo nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Lakini kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote: wilaya ya shule hubanwa kwa lile ililolijua na ikakaa kimya, na njia ya uhakika ya kuonyesha kwamba ililijua ni maandishi yako yenye tarehe. Mazungumzo ya mlangoni, simu ya mwalimu na ahadi za kwenye korido hazina uzito huo mbele ya mwamuzi. Mwaka 2005, katika kesi iliyotoka kaunti ya Montgomery, Maryland, Mahakama ya Juu iliamua kwamba katika mashauri ya elimu maalumu anayelalamika ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Majimbo machache, kama New York na New Jersey, yameuweka mzigo huo mabegani mwa wilaya kwa sheria zao wenyewe. Kwingineko kwingi, mzazi ndiye anayelalamika, na ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa inaacha karatasi.

Zijue sheria tatu

Sheria ya kwanza ni IDEA, iliyopitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine na kupewa jina hili mwaka 1990. Inamhusu mtoto mwenye ulemavu ambaye, kwa sababu ya ulemavu huo, anahitaji mafundisho maalumu. Inataka apewe elimu ya umma inayomfaa, bila malipo, kuanzia miaka 3 na, kwa kawaida, hadi 21, tena asome pamoja na watoto wengine kadiri inavyowezekana. Inataja makundi 13 ya ulemavu, yakiwemo usonji, uziwi, upofu, ulemavu wa akili, shida ya kusoma au kuhesabu, shida ya kuongea na majeraha ya ubongo. Hati yake ni IEP, mpango wa elimu unaoandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja huyo.

Ya pili ni Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, na ya tatu ni ADA ya mwaka 1990. Hizi zinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na wigo wake ni mpana zaidi. Chukua mtoto mwenye selimundu. Huenda hahitaji mafundisho maalumu, lakini anahitaji kunywa maji wakati wowote, kwenda chooni bila kuzuiwa, kubaki ndani siku ya baridi kali, na kupewa masomo aliyokosa akiwa amelazwa. Hayo huandikwa katika mpango wa 504. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye pumu, kisukari au kifafa.

Kama karatasi zenu za uhamiaji hazijakamilika, usiogope kuanza. Tangu kesi ya Plyler v. Doe ya mwaka 1982, shule ya umma hairuhusiwi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Omba tathmini kwa barua

Sheria inaitaka wilaya iwatafute yenyewe watoto wenye ulemavu katika eneo lake. Usingoje itafute. Barua fupi ya mzazi ndiyo inayoisukuma wilaya ianze, na haihitaji maneno ya kisheria. Hii hapa unaweza kuijaza:

*Tarehe: ______*

*Kwa Mkuu wa Shule na Mkurugenzi wa Elimu Maalumu wa Wilaya,*

*Mimi ni mzazi wa ______, aliyezaliwa tarehe ______, mwanafunzi wa darasa la ______. Naomba mtoto wangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA, na pia chini ya Kifungu cha 504. Ninaona yafuatayo: yuko darasa la tatu lakini hawezi kusoma maneno mafupi, husahau maagizo mara tu anapopewa, na hata kwa Kiswahili anaongea kwa shida kuliko ndugu zake walipokuwa na umri wake. Naomba wataalamu wazingatie kwamba nyumbani tunazungumza Kiswahili. Nitumieni fomu ya ridhaa na maelezo ya haki zangu kwa Kiswahili. Mkiamua kukataa, naomba sababu zenu kwa maandishi.*

*Jina, sahihi na namba ya simu: ______*

Weka yale unayoyaona kwa mtoto wako badala ya mifano hiyo. Sentensi inayohusu lugha ya nyumbani usiiache. Shida ya kweli ya kujifunza au kuongea hujitokeza katika lugha zote za mtoto. Kama anaongea Kiswahili vizuri na kukwama Kiingereza tu, huenda anachohitaji ni muda na mafunzo ya lugha. Kama anakwama kote kuwili, hiyo ni habari ambayo mwalimu asiyejua Kiswahili hawezi kuipata bila wewe.

Tuma kwa barua pepe, kisha peleka nakala ya karatasi ofisini. Nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, na tarehe iandikwe. Ukiletewa fomu ya ridhaa, isaini mapema na uandike tarehe uliyoirudisha, kwa maana saa ya kisheria huanza hapo. Kwa kanuni ya serikali kuu, wilaya ina siku 60 tangu ipokee ridhaa yako kumaliza tathmini ya kwanza, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Texas, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu siku 45 za shule. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika IEP kinatakiwa kifanyike ndani ya siku 30. Kuridhia tathmini hakukufungi kukubali huduma. Huduma za kwanza zina ridhaa yake peke yake.

Usikubali kuambiwa usubiri

Sababu mbili za kuchelewesha ndizo zinazotolewa sana. Ya kwanza: "Tumpe kwanza msaada wa ziada darasani tuone." Msaada huo ni mzuri na aupate, lakini mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya Marekani iliyaandikia majimbo kwamba usitumiwe kuchelewesha au kukataa tathmini. Mtoto anaweza kusaidiwa huku anapimwa.

Ya pili: "Ajue Kiingereza kwanza." Hakuna kifungu cha IDEA kinachomtaka mtoto asubiri hivyo. Mtoto mmoja anaweza kupata masomo ya Kiingereza kwa wageni na elimu maalumu kwa wakati mmoja, na wanaoandika IEP wanatakiwa kuzingatia mahitaji yake ya lugha.

Hatari nyingine iko upande wa pili. Mtoto aliyepitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, ambaye masomo yake yalikatika mara nyingi, anaweza kubandikwa ulemavu asiokuwa nao. Kanuni za IDEA zinakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kukosa mafundisho ya kusoma na hesabu au kutojua Kiingereza. Tena zinataka vipimo vifanyike kwa lugha na namna itakayoonyesha anachokiweza kweli. Waandikie historia ya masomo yake: miaka aliyosoma, aliyokosa, na lugha aliyofundishiwa.

Usifikiri kwamba wilaya kubwa haiwezi kukosea. Kuanzia mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya Texas iliziwekea wilaya kipimo cha asilimia 8.5 kwa wanafunzi wa elimu maalumu. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ikatamka kwamba jimbo lilivunja sheria. Watoto wengi waliambiwa hawastahili kwa sababu ya namba iliyopangwa mbali na darasa lao.

Usipokubaliana na matokeo ya tathmini, andika kwamba unaomba tathmini huru kwa gharama ya wilaya. Baada ya hapo wilaya ina njia mbili tu: ilipie, au ifungue shauri, bila kuchelewa pasipo sababu, kuthibitisha kwamba tathmini yake ilitosha.

Dai mkalimani wa Kiswahili chako

Haki ya lugha imeandikwa ndani ya kanuni za IDEA zenyewe. Ridhaa yako ni halali pale tu ulipoelezwa jambo zima kwa lugha yako. Wilaya inatakiwa ichukue hatua kuhakikisha unaelewa kikao cha IEP, pamoja na kuleta mkalimani. Taarifa rasmi za kisheria zitafsiriwe kwa lugha yako isipokuwa haiwezekani kabisa, na kama lugha yako haiandikwi, zitafsiriwe kwa mdomo.

Mwombe mkalimani kwa barua pepe mara tu unapopewa tarehe ya kikao. Taja Kiswahili unachokizungumza. Mama aliyetoka Uvira au Lubumbashi anaweza kupotezwa na mkalimani wa Kiswahili cha Dar es Salaam, hasa yanapokuja maneno ya shule na hospitali. Kama lugha unayoielewa zaidi ni Kibembe, Kinyarwanda au Kirundi, omba hiyo. Usimtumie mtoto wako mkubwa kutafsiri. Ni mzigo usiomfaa, na yeye hajui maneno ya elimu maalumu. Mkalimani asipofika, sema kwa utulivu kwamba unaomba kikao kiahirishwe, na jioni hiyohiyo andika barua pepe ya mistari miwili kueleza kilichotokea.

Kwenye kikao, soma namba

Siku chache kabla ya kikao, omba ripoti ya tathmini na rasimu ya IEP kama ipo. Una haki ya kuona faili la mtoto kabla ya kikao, na kwa vyovyote ombi lako lijibiwe ndani ya siku 45. Nenda na mtu anayemjua mtoto: shangazi, mzee wa kanisa au msikiti, jirani aliyekaa nchini muda mrefu. Sheria inakuruhusu. Wewe mwenyewe ni mjumbe kamili wa kikao hicho. Anatakiwa awepo pia mwakilishi wa wilaya anayezijua rasilimali zilizopo. Hakikisha yupo na uandike jina lake.

IEP inaweza kuwa na kurasa 20 na zaidi. Sehemu mbili ndizo za kukaa nazo muda mrefu. Ya kwanza ni malengo. Lengo hili halifai: "Atasoma vizuri zaidi ifikapo mwisho wa mwaka." Hakuna mtu atakayeweza kusema limefikiwa au halikufikiwa. Hili linafaa: "Leo anasoma maneno 32 sahihi kwa dakika. Ifikapo Mei 30, akipewa kifungu cha kiwango cha darasa la pili, atasoma maneno 70 sahihi kwa dakika, katika majaribio 4 kati ya 5." Hapo una mahali pa kuanzia, mahali pa kufika, na siku ya kuuliza.

Sehemu ya pili ni jedwali la huduma: huduma gani, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, mahali gani, na nani ataitoa. "Tiba ya matamshi kadiri inavyohitajika" haikupi kitu. "Dakika 30, mara 2 kwa wiki" unaweza kuihesabu.

Mtoto anatakiwa asonge kiasi gani? Hilo lilijibiwa Machi 2017 katika kesi ya Endrew F., mtoto mwenye usonji wa Colorado. Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilikataa hoja kwamba inatosha mtoto akipata faida kidogo kuliko hakuna. IEP inatakiwa ipangwe ili mtoto apige hatua zinazolingana na hali yake. Kwa hiyo malengo ya mwaka huu yakiwa yaleyale ya mwaka jana, uliza kwa nini, na omba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Ukiambiwa hakuna bajeti, usikate tamaa hapo. Mwaka 1999, katika kesi ya Garret F. ya Cedar Rapids, Iowa, wilaya ilitakiwa kugharimia muuguzi wa kumhudumia siku nzima shuleni mwanafunzi aliyepooza na anayepumua kwa mashine. Mahakama haikuukubali ukubwa wa gharama kuwa sababu ya kumnyima huduma aliyoihitaji ili aweze kukaa shuleni.

Mwisho wa kikao utapewa kalamu. Sahihi ya mahudhurio na sahihi ya ridhaa ni mambo mawili. Uliza unasaini ipi. Unaweza kwenda nayo nyumbani uisome. Baada ya IEP ya kwanza, majimbo mengi hayangoji sahihi yako ili kubadilisha mpango. Ukinyamaza, mabadiliko yanaanza. Usipokubali, andika ni sehemu gani hasa huikubali na kwa nini.

Wakikataa, wakatae kwa maandishi

Hili ndilo ombi ambalo wazazi wengi hawalijui, na ndilo lenye nguvu kupita yote. Kila wilaya inapopendekeza kubadilisha, au inapokataa ulichoomba kuhusu tathmini, kundi la ulemavu, huduma au mahali pa kusomea, sheria inaitaka ikupe taarifa ya maandishi. Humo ieleze inachokataa, sababu yake, vipimo na kumbukumbu ilizozitegemea, na njia nyingine ilizozifikiria na kwa nini iliziacha.

Omba hivi: "Mmesema mtoto wangu hatapata msaidizi darasani. Naomba taarifa rasmi ya maandishi ya uamuzi huo, kwa Kiswahili." Mara nyingine ombi hilo peke yake hubadilisha jibu, kwa sababu sasa kuna mtu anayetakiwa kuweka jina lake chini ya sababu. Lisipobadilika, umepata msingi wa malalamiko yako.

Weka daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huduma za mtoto ni mali yake. Nunua daftari moja na faili moja. Kila wiki mwulize mtoto au mwalimu: mtaalamu wa matamshi alikuja? Andika tarehe. Dakika 30 mara 2 kwa wiki, zikikosekana wiki 12, ni saa 12 ambazo wilaya haikuzitoa. Ukienda na hesabu hiyo unaweza kudai saa za kufidia, na mabishano yanakuwa mafupi.

Andika pia kila simu ya "njoo umchukue mapema leo, ametusumbua." Wazazi wengi huacha kazi na kukimbia shuleni wakidhani wanafanyiwa hisani. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya tabia yake kunaweza kuhesabiwa kama kusimamishwa, hata kama hakuna karatasi iliyotolewa. Uliza kwa ujumbe wa maandishi: "Je, leo amesimamishwa?" Mtoto mwenye ulemavu akiondolewa zaidi ya siku 10 za shule kwa kosa la nidhamu, wilaya inatakiwa iitishe kikao ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi huo, ichunguze kama tabia hiyo ilitokana na ulemavu wake au na wilaya kushindwa kuutekeleza IEP. Jibu likiwa ndiyo, kwa kawaida anarudishwa alipokuwa. Makosa ya silaha, dawa za kulevya na kumjeruhi mtu vibaya yana utaratibu wake: anaweza kupelekwa kwingine kwa muda usiozidi siku 45 za shule. Hata akiwa nje, elimu yake haitakiwi kukatika.

Njia nne za kudai, na muda wa kila moja

*Malalamiko kwa jimbo.* Unaiandikia idara ya elimu ya jimbo lako, bila ada na bila wakili. Kosa liwe limetokea ndani ya mwaka 1 uliopita, na jimbo lina siku 60 kutoa uamuzi. Njia hii inafaa sana pale kosa linapoonekana wazi kwenye karatasi: muda wa tathmini umepita, mkalimani hakuletwa, dakika za huduma hazikutolewa.

*Usuluhishi.* Ni bure na ni wa hiari kwa pande zote mbili. Mkikubaliana, makubaliano huandikwa na kusainiwa, na mahakama inaweza kuyatekeleza.

*Shauri mbele ya mwamuzi.* Hii ndiyo njia nzito ya IDEA. Kwa kawaida una miaka 2 tangu ulipojua, au ulipotakiwa kujua, kosa lililofanyika, ingawa jimbo linaweza kuweka muda wake. Ukifungua, wilaya inatakiwa ikuite kwenye kikao cha maelewano ndani ya siku 15. Siku 30 zikipita bila kuelewana, shauri linaendelea. Muda wote huo mtoto anabaki alipokuwa akisoma, na huduma zilezile. Wilaya haiwezi kumhamisha kwa sababu umelalamika. Ukishindwa, kwa kawaida una siku 90 kwenda mahakamani. Kesi ya Winkelman ya mwaka 2007 inamruhusu mzazi kwenda mahakama ya serikali kuu bila wakili kutetea haki zake mwenyewe, lakini kwa hatua hii tafuta wakili ukiweza.

*Malalamiko ya ubaguzi.* Haya hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, ndani ya siku 180. Mwaka 2025 wizara ilitangaza kupunguza sana wafanyakazi wa ofisi hiyo na kufunga matawi yake kadhaa, hivyo usiifanye kuwa njia yako pekee.

Nini kinaweza kulipwa

IDEA haitoi fedha za fidia kwa mateso. Inachotoa ni elimu iliyokosekana: saa za kufidia, huduma mpya, tathmini. Inaweza pia kukurudishia ada ya shule binafsi uliyompeleka mtoto, endapo mpango wa wilaya haukumfaa na hiyo shule inamfaa. Lakini kabla ya kumhamisha, sema kwenye kikao cha mwisho cha IEP, au andika siku 10 za kazi kabla, kwamba unaukataa mpango wao na utawadai gharama. Usipofanya hivyo, mwamuzi anaweza kupunguza au kukataa malipo. Ukishinda, wilaya inaweza kuamriwa kulipa ada ya wakili wako. Gharama za mtaalamu uliyemleta kutoa ushahidi, kwa uamuzi wa mwaka 2006, IDEA hairudishi.

Fidia ya fedha hutafutwa kupitia ADA na Kifungu cha 504, na hapo ndipo uamuzi wa Perez ulipofungua mlango: anayedai fedha ambazo IDEA haiwezi kutoa halazimiki kumaliza kwanza hatua zote za IDEA. Juni 2025 ukaja uamuzi mwingine, wa msichana aliyetajwa mahakamani kama A.J.T., mwanafunzi wa wilaya ya Osseo karibu na Minneapolis. Kifafa kilimshika vikali asubuhi, hivyo alihitaji kusoma mchana na jioni. Wilaya yake ya zamani kule Kentucky ilimkubalia. Osseo ilikataa, na kwa muda akawa anapata saa 4.25 za masomo kwa siku huku wenzake wakipata 6.5. Mahakama za chini zilitaka familia ithibitishe kwamba wilaya ilikuwa na nia mbaya au uzembe uliopindukia. Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ikasema mwanafunzi asiwekewe kizingiti kirefu kuliko watu wengine wenye ulemavu wanaodai ubaguzi.

Hata hivyo, ili upate fedha, mahakama nyingi hutaka uonyeshe kwamba wilaya ilijua haki ya mtoto iko hatarini na haikujali. Hapo ndipo barua pepe zako, nakala zenye muhuri na taarifa zao za kukataa zinapofanya kazi.

Msaada usiolipiwa

Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na habari kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinachogharimiwa na serikali kuu chini ya IDEA. Cha Minnesota ni PACER. Kila jimbo pia lina shirika la kisheria la kulinda haki za watu wenye ulemavu. Wote wapigie na useme kwanza: "Nahitaji mkalimani wa Kiswahili." Wilaya nayo inatakiwa ikupe orodha ya wanasheria wa bure au wa bei nafuu unapoiomba.

Angalia siku ya kuzaliwa na siku ya diploma

Kuna tarehe mbili zinazoweza kuzima haki hizi zote. Mtoto akipokea diploma ya kawaida ya sekondari, wajibu wa wilaya chini ya IDEA unakwisha, hata kama hajui kusoma. Kama malengo yake hayajafikiwa, uliza mwaka mmoja kabla ya mahafali kama ni heri aendelee. Kuanzia IEP itakayotumika akifika miaka 16, mpango lazima ueleze maandalizi ya kazi, masomo ya juu na kujitegemea, na mtoto mwenyewe aalikwe kwenye kikao hicho.

Tarehe ya pili ni ya kuzaliwa. Watoto wengi waliosajiliwa kambini waliandikiwa Januari 1, na wengine wakaongezewa miaka. Kijana ambaye karatasi zake zinasema ana 21 ilhali ana 19 atapoteza miaka miwili ya elimu ya bure. Kama una cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au hati yoyote ya kweli, mwone mwanasheria wa uhamiaji mapema kuhusu marekebisho, kwa sababu huchukua muda mrefu.

Shule haitamngoja mtoto wako, na hakuna uamuzi wa mahakama unaomrudishia umri aliokuwa nao darasa la tatu. Kama unaona anakwama na bado hajapimwa, jaza ile barua usiku wa leo, ipeleke kesho kabla ya kazi, na usiondoke dirishani bila nakala yako iliyoandikwa tarehe.